Feni ya Pikapu Iliyovuka Ukungu wa Kreta

Niliajiriwa kwa sababu ya mikono yangu. Sisemi ustadi wake, nasema udogo wake. Fundi Lohay, aliyekuwa mkuu wa gereji yetu ya magari ya watalii pale Karatu, alikuwa na viganja vipana kama majembe. Kila kazi ilipompeleka chini ya dashibodi alitoka na vifundo vimechubuka na maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyatamka. Siku niliyofika na cheti changu cha umeme wa magari hakukisoma. Alinishika mkono, akaugeuza huku na huku kama mtu anayechagua hindi la kuchoma, akasema, "Huu utapita. Kavae ovaroli."

Nimestaafu juzijuzi tu, na ninyi vijana niliowaacha gerejini mmenisumbua niandike. Haya, naandika. Vyeo sitavisema, maana vilichelewa kuja. Mshahara nao sitausema, maana haukuwahi kuchelewa kuisha. Nitasema kazi, kwa sababu bado nikisikia feni ya gari inaamka nahisi moyo unanipanda kama msichana anayesubiri ngoma ianze.

Siku hiyohiyo ya kwanza Lohay alinipeleka kwenye gari lililotoka kambini ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Hita ilikuwa haipulizi. Mimi nikashika bisibisi. Yeye akageuza ndoo, akaikalia, akanizuia.

"Unafungua nini?"

"Feni, Fundi."

"Umejuaje ni feni? Sikiliza kwanza. Gari linasema kabla ya kufunguliwa."

Akanifundisha utaratibu ambao mnaujua kwa sababu nimewapigia kelele nao miaka yote. Washa swichi, upitishe kasi zote, utege sikio. Ikivuma kwenye kasi ya mwisho peke yake, mota ni nzima, kilichokufa ni rizista, kile kipande kinachopunguza kasi. Ikiwa kimya kabisa, tazama fyuzi, kisha chomoa plagi ya mota uweke testa uone kama umeme unafika. Umeme ukifika na mota bado imenyamaza, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuzunguka, basi kaboni zake, zile zinazopitisha umeme ndani ya mota, zimekwisha na inaishi kwa huruma tu. Hapo ndipo unaruhusiwa kuchomoa waya wa betri, kutoa kile kisanduku kilicho mbele ya abiria, na kuingiza mkono.

Niliuingiza. Skrubu ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, ya tatu ilipotoka mota ikaniangukia kiganjani pamoja na nyumba nzima ya panya: nyasi, karatasi laini za kupangusia pua, na soksi moja ya mtoto wa Kizungu. Mwenye nyumba mwenyewe akanipitia begani. Nilipiga yowe hadi wapishi wa hoteli ya jirani wakatoka nje. Lohay alicheka mpaka akadondoka kutoka kwenye ndoo.

"Huyo ndiye mteja wako wa kwanza," akasema. "Usimwambie bei."

Tangu siku hiyo wakaniita Mama Feni, kabla hata sijazaa.

Watu wa mijini hudhani feni ya gari ni starehe. Kwetu siyo. Gari letu leo liko Engaresero, chini kule Ziwa Natron, joto linakausha mate mdomoni na vumbi la magadi linaingia hadi kwenye sandwichi za wageni. Kesho gari hilohilo liko ukingoni mwa kreta, baridi inang'ata masikio na ukungu umelala barabarani kama blanketi lililoloa. Chini unaitaka feni ili usizimie, juu unaitaka ili uone njia. Ukungu wa nje hauna dawa ila kupunguza mwendo. Lakini ule unaotanda ndani ya kioo kwa pumzi za watu hauondoki kwa kitambaa. Ukifuta unarudi kabla hujakunja kitambaa. Unaondolewa na hewa kavu inayopulizwa, basi. Lohay alikuwa akisema dereva asiye na feni kule juu anaendesha kwa imani, na imani ipelekwe kanisani, isipelekwe kwenye kona.

Lohay alistaafu, akaenda kufuga nyuki Mbulu. Kazi ya chini ya dashibodi ikabaki yangu. Nimebadilisha feni nyingi kiasi kwamba sasa zimechanganyika kichwani, lakini ipo moja haichanganyiki na nyingine. Hiyo sikuibadilisha gerejini. Niliibadilisha uani kwangu Rhotia, na hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Ilikuwa Ijumaa ya msimu wa baridi, nami nilikuwa likizoni. Mume wangu, Baba Gabrieli, alikuwa anapakia mbegu kwenye pikapu yake aende shambani. Mara gari likaingia uani. Alikuwa Lemayan, dereva mwenzetu wa kazini, Mmasai wa Ololosokwan, kule Loliondo ng'ambo ya kreta, safari hii akiwa na gari lake mwenyewe kuukuu.

"Shikamoo, Mama Gabrieli. Nimekuja vibaya, najua uko likizo. Feni imekufa."

"Marahaba. Imekufa au imezimia?"

"Sijui. Haisemi kitu tangu juzi."

Nikamwambia akae, anywe chai, lakini hakukaa. Akaeleza akiwa amesimama. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Karatu wiki ile tu, kisha waondoke. Mama yake, ambaye wote walimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaa, alikuwa haoni kwa miaka mingi kwa sababu ya mtoto wa jicho. Lemayan na dada yake Nasieku walimleta kutoka Ololosokwan, wakavuka ukingo wa kreta jioni yenye ukungu, na hapo juu feni ikazima.

"Sikuona kitu, Mama Gabrieli. Nasieku anafuta kioo kwa shuka, mimi nimetoa kichwa dirishani. Lori likatokea mbele yetu kama limeota pale. Nilikanyaga breki hadi gari likapinda. Yeyo hakuona, ila alisikia. Unajua aliniuliza nini? 'Mwanangu, na wewe siku hizi huoni?'"

Alijaribu kucheka.

"Sasa amefanyiwa jicho moja, bandeji inatolewa asubuhi hii. Na kesho alfajiri Naserian anaondoka."

Naserian nilimfahamu kwa jina. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Lemayan, mwalimu wa shule ya msingi, na bibi yake ndiye aliyemlea. Alikuwa anaolewa na mwalimu mwenzake, na kesho yake angetoka nyumbani kwao. Kwa desturi yao bibi harusi akishaanza kutembea hageuki nyuma. Yeyo alimwona mara ya mwisho akiwa kitoto cha kuchunga ndama. Leo ni mwanamke mzima, na kama wasingefika kabla ya alfajiri, Yeyo angerudi nyumbani na jicho jipya na kukuta mgongo wa mjukuu umeshapotea.

"Simpandishi mama yangu kule juu tena bila feni," Lemayan akasema. "Na nisipompandisha hatanisamehe."

Nikavaa ovaroli juu ya gauni. Fyuzi nzima. Testa ikawaka kwenye plagi. Nikagonga mota, kimya. Nikagonga tena, ikakoroma kidogo ikanyamaza. Niliposhusha mota na kuizungusha kwa kidole, ilikwaruza kama jino bovu. Kaboni zilikuwa zimekwisha kabisa na magadi ya Natron yamekula hadi ndani. Hiyo haikuwa ya kufufuliwa. Nikapiga simu kwa muuza spea mjini, akajibu kwa furaha kwamba ipo, itafika kesho kwa basi kutoka Arusha.

Nikasimama pale uani na maiti ya mota mkononi. Macho yangu yakaenda yenyewe kwenye pikapu. Baba Gabrieli aliyafuata.

"Hapana," akasema.

"Sijasema kitu."

"Umeitazama."

Akamtazama Lemayan, akatazama milima kule juu ambako wingu lilikuwa limekaa, akaanza kushusha magunia ya mbegu kutoka kwenye pikapu. "Chukua. Lakini siku nikitoka sokoni kioo kikaingia ukungu, utakaa wewe kwenye boneti ukifuta."

Sikilizeni sasa, vijana, maana hapa ndipo kazi ilipoanza kuwa tamu. Mota ya pikapu ilikuwa na nguvu ileile na shafti ya unene uleule, lakini masikio yake ya kufungia skrubu hayakulingana na matundu ya gari la Lemayan. Nikatoa gurudumu la mapanga kwenye mota iliyokufa. Nati yake ilikuwa imeoza, nikailainisha kwa mafuta na kuisubiri, maana nati ya shafti ukiilazimisha inavunja panga, na panga moja likivunjika feni nzima hutetemeka kama trekta. Nikalihamishia gurudumu kwenye mota nzima. Kisha nikakata lile bati la kufungia la mota ya zamani, nikalisugua kwa tupa, nikaifunga mota ndani yake kwa klipu ya bomba la maji, na kati ya klipu na mota nikaweka ukanda wa mpira wa ndani wa tairi ili isiteleze. Haikuwa nzuri kutazama. Lohay angetema mate pembeni. Lakini ingekaa.

Tulikuwa katikati ya kazi, miguu ya Lemayan ikiwa imetokeza mlangoni kwa sababu alikuwa ananishikia tochi chini ya dashibodi, bajaji ilipoingia uani. Nasieku akashuka, akamshika mkono mama mwembamba mrefu aliyevaa shanga za harusi na miwani myeusi ya hospitali. Bandeji ilikuwa imetoka.

"Takwenya, Yeyo," nikamsalimia kwa maneno machache ya Kimaa niliyo nayo.

"Iko," akaitika, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake cha mnadani. "Wewe ndiye fundi? Nimeambiwa fundi ni mama. Mwanangu yuko wapi?"

Nikaelekeza. Akaitazama ile miguu muda mrefu.

"Lemayan. Toka huko nikuone."

Lemayan akatoka kinyumenyume, nywele zimejaa vumbi, uso umepakaa mafuta. Akasimama mbele ya mama yake, hajui mikono aiweke wapi. Yeyo akamsogelea, akatoa miwani kidogo tu, Nasieku akiguna kwamba daktari amekataza.

"Ehe," Yeyo akasema. "Mbona umezeeka?"

Baba Gabrieli alienda nyuma ya ghala akajifanya anatafuta kamba. Lemayan alilia wazi bila aibu, na chozi likachora njia nyeupe kwenye mafuta. Mimi nikarudi chini ya dashibodi, kwa sababu mtu anahitaji mahali pa kuficha uso.

Nikafunga skrubu, nikarudisha plagi, Lemayan akaunganisha betri. "Washa!" nikapiga kelele. Feni ikavuma! Nikashangilia. Kisha nikaweka kiganja kwenye tundu la kupulizia kioo, na hewa iliyotoka ilikuwa kama ya mzee anayepoza uji.

Nasieku akanitazama. Saa zilikuwa zinakwenda, na geti la Ngorongoro halisubiri mtu. Nikafumba macho nisikilize, kama nilivyofundishwa. Ilikuwa inazunguka vizuri, bila kukwaruza, lakini sauti ilikuwa pana mno, kama mtu anayevuta badala ya kupuliza. Ndipo ikanijia. Mota ya pikapu huzungukia upande mwingine! Mapanga yalikuwa yanakata hewa kwa mgongo.

"Zima! Zima! Nipeni plaizi!"

Nikachomoa zile nyaya mbili za plagi, nikazigeuza, hii mahali pa ile. Mota ya namna ile ukigeuza nyaya inageuza mzunguko. "Washa!"

Jamani! Ilinguruma kama upepo wa Engaresero. Majani makavu, manyoya ya ndege na vumbi la miaka vikatoka kwenye matundu yote kwa pamoja, vikampiga Lemayan usoni. Yeyo, aliyekuwa amesimama mbali kwa ajili ya jicho lake, alicheka kicheko cha msichana. "Nimekiona hicho!" akapiga kelele. "Nimekiona!"

Sikuwa nimepanga kusafiri. Lakini ule ufungaji wa klipu ulikuwa wangu, na sikutaka ukutane na barabara bila mimi. Nikambusu mume wangu mbele za watu, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu kanisani, nikaingia kiti cha nyuma kando ya Nasieku, na mkoba wa spana.

Geti tulilipita vizuri. Tulipoanza kupanda msituni ukungu ukatumeza.

"Lemayan," Yeyo akauliza kutoka kiti cha mbele, kwa sauti ndogo. "Hii nyeupe ni jicho langu au ni nje?"

"Ni nje, Yeyo. Wote tunaiona."

"Basi vizuri."

Kioo kilikuwa safi. Feni ilipuliza, barabara ilionekana mbele yetu kipande kwa kipande, nami nikaanza kujisifu moyoni. Gari likagonga shimo. Krrrr! Ukanda wa mpira ulikuwa umeteleza, mota imeshuka upande, gurudumu la mapanga linakwangua ukuta. Nikajua likiendelea hivyo litapasuka, na kioo kilianza kuziba pembeni palepale.

"Nisimame?" Lemayan akauliza.

"Hapa kwenye kona? Lori litupande mgongoni? Punguza mwendo, endelea!"

Nikapita katikati ya viti kama mbuzi anayepenya uzio. Nikajikunja sakafuni miguuni pa Yeyo, nikaingiza mkono kwenye tundu la kisanduku ambacho sikuwa nimekirudishia, nikaishika mota kwa chini na kuisukuma ikae sawa. Mkwaruzo ukanyamaza. Upepo ukarudi. Nilipojaribu kuuachia mkono, krrrr. Nikaurudisha.

Ndivyo nilivyovuka ukingo wa Ngorongoro siku ile. Watu husafiri kutoka ng'ambo ya dunia waione kreta, na mimi niliivuka nikiwa nimelala sakafuni, pua kwenye zulia linalonuka samli, mkono umekufa ganzi ndani ya dashibodi. Nikasema kwa uchungu kwamba sioni chochote.

"Usijali," Yeyo akasema juu yangu. "Nitakuonea mimi."

Na akanionea. Alinishika bega, akaanza kunisimulia kila kitu kana kwamba mimi ndiye niliyetoka hospitali. "Naona mti una ndevu za kijivu. Naona maua mekundu, hapana, ni shuka, kuna kijana kasimama pembeni. Naona nyati! Amelowa, amekasirika. Lemayan, gari linakuja, lina taa moja, sogea kushoto, sogea! Haya, limepita. Fundi, kuna mwanga. Fundi, mawingu yamekatika! Naona chini, kumbe ni mbali hivi? Naona ng'ombe kule bondeni. Mmoja ni wa rangi ya majivu. Lo, ng'ombe wa rangi ya majivu!"

Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka na mkono unaniuma, na ninawaambia kweli, sijawahi kuiona kreta vizuri kama siku ile.

Tulipoibukia upande wa pili, kwenye jua na nyasi za manjano, tukasimama. Nikahitaji kitu kigumu kisichoteleza cha kukazia mota. Nikatafuta mkobani, hakuna. Lemayan akatazama miguu yake, akavua katambuga lake la tairi, akatoa sime na kukata kipande cha kisigino. Kilikaa kama kilitengenezwa kwa ajili hiyo. Aliendesha njia yote iliyobaki na katambuga moja zima na moja bila kisigino. Mota ikavuma bila kukohoa katika mashimo, katika mchanga, katika mabonde ya Loliondo, na Yeyo hakunyamaza hata kidogo. Alitaja kila punda.

Tuliingia Ololosokwan jua likielekea kuzama. Boma lilikuwa limejaa wageni na wanawake walikuwa wanaimba. Walipoona gari wakanyamaza. Yeyo akakataa mkono wa Nasieku, akashuka mwenyewe, akasimama na miwani yake myeusi.

Watoto wakamkimbilia, na kama ilivyo adabu yao kwa mkubwa, kila mmoja akainamisha kichwa ili aguswe utosini. Kwa miaka yote hiyo Yeyo alikuwa ameijua familia yake kwa utosi na kwa sauti. Aliwagusa mmoja mmoja, akataja majina bila kukosea. Kisha umati ukapasuka, akaja Naserian, mrefu kama bibi yake, kichwa kimenyolewa, kimepakwa mafuta, shanga zinagongana kifuani. Akasimama mbele ya Yeyo, akainama chini kabisa apokee baraka.

Yeyo alinyoosha mkono kuelekea utosini, ukasita hewani. Akatoa miwani. Kisha akauteremsha mkono, akamshika mjukuu wake kidevu, akamwinua uso, akamtazama kwa jicho lake jipya.